Nayajua yote kuhusu mazoezi, mbona siyafanyi?

*"Mimi ni mhadhiri, mwanamke wa miaka 47, nafundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Mwezi uliopita walikuja wataalamu chuoni kutupima afya. Kabla ya vipimo tulijaza dodoso kuhusu mazoezi, na nadhani nililijibu vizuri kuliko wengi: dakika 150 kwa wiki, faida kwa moyo, kwa sukari, hata kwa msongo wa mawazo. Kisha nikapimwa presha: 146 kwa 92. Kiuno sentimita 99. Nikaona aibu. Januari nililipia jimu, nikaenda wiki chache nikaacha. Nikitembea kutoka jengo moja hadi jingine, wenzangu wananiuliza kama gari limeharibika. Lakini sikai tu: nasimama kwenye mihadhara, natoka nyumbani alfajiri, narudi usiku nimechoka hoi. Hiyo haihesabiki? Na dada anayetufanyia usafi ofisini, ambaye hakai chini siku nzima, naye alikutwa na presha ya juu. Sasa mazoezi yanasaidia nini? Je, mimi ni mvivu? Nimechelewa? Na kwa presha hii ni salama kuanza?"*

Mwalimu, nianze na hilo la uvivu, maana naona linakuuma kuliko hata hiyo 146. Mtu anayetoka nyumbani kabla hakujapambazuka, akafundisha, akasoma tasnifu za wanafunzi, akakaa vikao viwili, kisha akarudi kwenye foleni na bado jikoni kunamsubiri, huyo si mvivu. Umechoka kweli. Ila umechoka bila misuli yako mikubwa kufanya kazi, na moyo haukupi alama kwa uchovu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wasomi kwenye benchi la kusubiri hawakosi: wanasheria, wahasibu, wahadhiri, hata madaktari. Karibu wote wananitajia zile dakika 150 kabla sijazitaja. Dodoso lenu lilipima unachokijua na unachokiamini. Vyote viwili vina maana, lakini tafiti za saikolojia ya afya zimeonyesha mara nyingi kwamba hata miongoni mwa watu wenye nia ya dhati, karibu nusu tu ndio hutekeleza. Halafu dodoso lenyewe hutupendelea. Ukiulizwa unatembea kiasi gani kwa wiki, unakumbuka ile wiki nzuri. Watu hao hao wakifungwa kifaa cha kuhesabu mwendo kiunoni, mara nyingi dakika zinapungua. Kwa hiyo ulichokiona siku ile ya vipimo kinawakuta watu wengi sana, na semina nyingine kuhusu faida za mazoezi haitakusaidia. Faida unazijua. Kinachokosekana ni nafasi ya mazoezi katika siku yako jinsi ilivyopangwa sasa.

Sasa swali la kusimama darasani. Wataalamu hupima ukali wa shughuli kwa kuulinganisha na nguvu unayotumia ukiwa umekaa kimya. Shughuli huanza kuitwa ya wastani inapofika mara tatu ya kiwango hicho. Kutembea kwa kukaza mwendo, kama kilomita tano kwa saa, kunafika. Kusimama mbele ya wanafunzi ukieleza nadharia hakufiki, hata ukieleza kwa mikono miwili. Kipimo rahisi kisichohitaji mashine: ukiwa kwenye mwendo wa wastani unaweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeingia kwenye mwendo mkali. Darasani ungeweza kuimba kwaya nzima.

Kusimama si bure, lakini manufaa yake ni madogo, na hapo ndipo wengi hukosea. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walikuwa kwenye basi moja, foleni moja, moshi mmoja. Dereva alikaa zamu nzima. Konda alipanda na kushuka mamia ya ngazi kwa siku akikata tiketi. Makonda waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na hata waliougua, waliugua kwa namna nafuu zaidi. Napenda kuongeza jambo ambalo wanaosimulia utafiti huu hulisahau: miaka mitatu baadaye kundi hilo hilo la watafiti lilichunguza saizi za sare, likakuta madereva walikuwa na viuno vikubwa kuliko makonda hata walipokuwa vijana. Yaani pengine tofauti nyingine walikuja nayo kazini. Utafiti mmoja hautoshi. Lakini katika miaka 70 iliyofuata, tafiti nyingi zenye vipimo bora zimeelekea upande ule ule.

Hapo tunamfikia dada wa usafi, na swali lako ni zuri kuliko ulivyodhani. Presha ina vyanzo vingi: urithi, umri, chumvi, uzito, figo, usingizi mfupi, pombe, mawazo. Mwendo ni kimoja tu kati ya hivyo, kwa hiyo mtu anaweza kutembea siku nzima na bado presha ikapanda kwa sababu nyingine. Tena mwendo wa kazini haufanani na ule wa kujichagulia. Mtafiti wa Denmark, Andreas Holtermann, na wenzake wamekuwa wakionyesha kwamba kazi nzito ya mikono, yenye kuinama, kubeba ndoo na kusimama saa nyingi bila kupumzika, hailindi moyo jinsi matembezi au michezo inavyolinda. Presha hubaki juu kidogo saa zote za kazi na mwili haupati muda wa kujijenga upya. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha tofauti hiyo kinatokana na kazi yenyewe na kiasi gani kinatokana na kipato kidogo na maisha magumu. Mimi naona vyote vimo. Kwa vyovyote, dada huyo anahitaji kupimwa tena na kutibiwa kama wewe, na usimwambie yeye tayari anafanya mazoezi kazini.

Mazoezi hufanya nini hasa ndani ya mwili? Misuli ya mapaja na makalio ndiyo mlaji mkubwa wa sukari. Ukiwa umekaa, inasubiri insulini ifungue njia ndipo sukari iingie. Ukianza kutembea, kujikunja kwa msuli kwenyewe kunaleta milango ya sukari kwenye ukuta wa seli hata pale insulini inapofanya kazi kwa uvivu. Ndiyo maana matembezi mafupi baada ya wali wa mchana hushusha sukari iliyopanda. Kwenye mishipa ya damu, damu inayopita kwa kasi husugua ukuta wa ndani, na ukuta huo hutoa nitriki oksaidi, kemikali inayolegeza mshipa. Mshipa ukilegea, presha inashuka. Baada ya tembezi moja la kukaza mwendo inaweza kubaki chini kwa saa kadhaa; ukirudia wiki baada ya wiki, wenye presha ya juu hupata nafuu ya takriban pointi 5 hadi 8 kwenye namba ya juu. Kwako hiyo ni kutoka 146 kwenda karibu na 140. Haifuti tatizo lote, lakini ni nafuu ambayo baadhi ya watu huipata kwa kidonge.

Utaona sijataja uzito. Nimeuacha makusudi. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyotarajia, na ninaamini matarajio hayo ndiyo yaliyokutoa jimu: wiki chache, mizani haikusogea, ukaona hakuna maana. Kiuno chako kinahitaji zaidi marekebisho ya sahani, na hapo naomba uitazame chai ya saa nne, maandazi na sambusa za kila kikao, na soda inayosindikiza semina. Presha, sukari na usingizi hunufaika na mwendo hata mizani ikigoma. Ukichanganya vyote viwili ndipo mambo hubadilika hasa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye zaidi ya watu 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, uliwataka baadhi ya washiriki watembee angalau dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito. Waliopangiwa njia hiyo walipungukiwa na hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58; waliopewa metformin, dawa ya kisukari, asilimia 31.

Umechelewa? Hapana. Mwaka 1966, mjini Dallas, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu mfululizo, na uwezo wa mioyo na mapafu yao ukaporomoka vibaya. Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta wanaume wale wale, sasa wana miaka 50 na vitambi. Wiki tatu za kitandani zilikuwa zimewaharibu kuliko miaka 30 ya maisha ya kawaida. Kisha wakafanyishwa mazoezi ya taratibu kwa miezi sita, kutembea, kukimbia pole na kuendesha baiskeli, na uwezo wao ukarudi pale ulipokuwa ujanani kabla ya kulazwa. Watu watano ni wachache mno kujenga sheria. Lakini ninayoyaona kazini kwa wenye umri wako, na wakubwa kwako, hayapingani nayo.

Tatizo la kukaa ni jambo la pembeni kidogo, ingawa kwa mhadhiri ni kubwa. Unaweza kutembea nusu saa asubuhi kisha ukakaa saa tisa: kwenye gari, ofisini, kwenye vikao, mbele ya marundo ya mitihani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, wenye zaidi ya watu milioni moja, ulionyesha kwamba hatari ya kukaa zaidi ya saa nane kwa siku ilitoweka kwa wale waliofikisha dakika 60 hadi 75 za mwendo wa wastani kila siku. Wachache wetu hufika huko. Sisi wengine tukatize ukaaji. Wakati wa kusahihisha, inuka kila baada ya rundo dogo la karatasi na utembee dakika mbili kwenye ukumbi. Meza za kusimamia sizikatai, ila kwa bei yake ningenunua raba nzuri.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Wengi hawajui kwamba mwongozo wa mwaka 2010 ulidai kila kipande kiwe angalau dakika 10, na sharti hilo limeondolewa. Ngazi za ghorofa tatu zinahesabika. Kutoka maegesho hadi ofisini kunahesabika, mradi umekaza mwendo. Zile hatua 10,000 zilianza kama jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960, baada ya Olimpiki ya Tokyo. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wenye wastani wa miaka 72 ulikuta faida ikionekana tayari kwenye hatua kama 4,400 kwa siku, na haikuendelea kuongezeka baada ya takriban 7,500. Wewe ni kijana kwao, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama kikomo chako. Zichukue kama sababu ya kutodharau kidogo.

Sasa tuingie kwenye siku yako. Jimu haina ubaya. Ina vifaa, mwalimu na kiyoyozi, na kwa joto la Dar la Januari kiyoyozi ni hoja nzito. Lakini inadai safari, nguo, kuoga na saa nzima, na wewe ulikuwa unaidai saa hiyo kutoka jioni, saa ambayo tayari ina wenyewe. Ndiyo maana ningekushauri uuweke mwendo katikati ya mambo unayoyafanya tayari. Egesha gari upande wa mbali wa chuo asubuhi na utembee robo saa. Jioni utalirudia, upende usipende. Hilo ndilo jambo zuri la gari lililoegeshwa mbali. Siku tano hivyo, tayari una dakika 150. Joto likizidi au mvua za masika zikianza, panda ngazi na zunguka kumbi za ndani.

Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, amechunguza kwa miaka mingi tofauti kati ya kusema "nitafanya mazoezi zaidi" na kusema "nikimaliza kipindi cha saa nane Jumanne, nitashuka kwa ngazi na kuzunguka uwanja mara mbili kabla ya kurudi ofisini". Uchambuzi wa mwaka 2006 uliokusanya majaribio 94 ulionyesha kwamba mpango wa namna ya pili huongeza utekelezaji kwa kiasi cha kuonekana wazi. Chukua ratiba yako ya muhula na uandike sentensi mbili za aina hiyo. Mbili tu. Muhula ukibadilika, ziandike upya, kwa sababu hapo ndipo wahadhiri wengi huanguka: ratiba imebadilika, mpango wa zamani umekufa na hakuna mwingine.

Na wenzako wanaouliza kama gari limeharibika? Hili dodoso halikuliuliza, na mimi nalipa uzito. Kwetu mwenye gari akitembea anaonekana ameishiwa, na kitambi bado kinapongezwa kwenye harusi. Nina ushauri wa kijinga unaofanya kazi: vaa raba, hata chini ya dera au kitenge, na viatu vya ofisini vibaki ofisini. Watu wakiona raba hawaulizi habari za gari. Ushauri wenye akili zaidi ni kumpata mmoja wao mtembee pamoja. Mwenzako akikusubiri kwenye ngazi, ni vigumu kujifanya una barua pepe ya haraka. Hata usalama unakuwa mzuri zaidi kwa mwanamke anayetembea mapema au jua likizama.

Vikundi vya jogging vya Jumamosi na Jumapili vimejaa jijini, na tangu Desemba 2016 serikali imehimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Nenda kama unapenda watu na nyimbo za mchakamchaka. Mara moja kwa mwezi haitoshi, hilo unalijua, ila anayekusanya dakika zake zote Jumamosi na Jumapili bado ananufaika, kwa kiasi kinachokaribiana na anayezigawa wiki nzima. Ninachokiogopa ni bonanza la wafanyakazi. Kila msimu wake napokea vifundo vilivyoteguka na kano za kisigino zilizochanika za watu waliokaa miezi kumi na moja, kisha wakaingia netiboli au kuvuta kamba kama wana miaka 20. Kama chuo chenu kinapeleka timu SHIMMUTA, yale mashindano ya michezo ya mashirika na taasisi, nawe unatamani, anza kutembea na kukimbia pole miezi mitatu kabla.

Usiache misuli. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi hupoteza nguvu za misuli na uzito wa mifupa kwa kasi, na kutembea peke yake hakuzuii vya kutosha. Nyumbani, siku mbili kwa wiki: inuka kwenye kiti na ukae bila kushika, mara nane hadi kumi na mbili, jisukume ukutani, inuka kwa vidole vya miguu ukishika meza ya jikoni. Rudia kila moja mara mbili au tatu. Toa pumzi unapoinuka, usiibane, kwa sababu kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Siku moja au mbili baadaye utaumwa misuli. Hayo ni maumivu ya kawaida na hupungua ndani ya siku tatu hivi.

Limebaki la usalama. Kwa 146 kwa 92, bila dalili nyingine, kuanza kutembea ni salama na ningekuomba uanze wiki hii. Lakini kipimo kimoja, kwenye foleni, katikati ya kelele, hakitoshi kukuita mgonjwa wa presha. Pima tena siku tofauti: umekaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila kahawa wala chai ya rangi nusu saa kabla. Ikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, muone daktari, na akikupa dawa, mwendo hauchukui nafasi yake. Usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri baada ya mwezi wa kutembea. Baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo usitegemee namba za saa ya mkononi. Tumia kile kipimo cha kuongea na kuimba.

Subiri daktari akuone kwanza, kabla hata ya kuanza, ikiwa namba ya juu inafika 180 au ya chini 110, ikiwa unapata maumivu au kubanwa kifua, kukosa pumzi kwa kazi ndogo, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kwenda mbio bila sababu, au kama kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana. Ukibanwa kifua ukiwa unatembea, simama. Kisipoachia, au ukipata udhaifu wa upande mmoja au mdomo kupinda, hilo ni la kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini azungumze na daktari wake juu ya muda wa kula na dozi, akague na nyayo zake. Goti linalovimba au maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi mguuni, njoo kwetu fiziotherapia kabla hujaamua kwamba kutembea hakukufai. Na ukienda kwa daktari kwa ajili ya presha, muulize kuhusu vipimo vya sukari, lehemu (kolesteroli), figo na mkojo kwa safari moja, maana kwa kiuno cha sentimita 99 hata presha ikirudi chini bado ningetaka kuijua sukari yako.